Karatasi za Kamishna Mkuu

Nilipoteuliwa kuiwakilisha nchi yetu katika jiji kuu la nchi jirani, redio ilitangaza kwamba nimekuwa balozi. Barua ya uteuzi ilikuja baadaye, kwa Kiingereza, na mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kwetu akaombwa kuisoma kanisani. Alikuwa mtu makini. Aliona kwamba karatasi haikusema yale yaliyosemwa na redio, akaamua kuifuata karatasi. Akatafsiri neno kwa neno: Kamishna Mkuu.

Simlaumu, kwa kuwa hata mimi ningefuata karatasi. Lakini katika vilima hivi vya chai, kila aliyekaa darasani miaka michache alijua kwamba herufi ya pili katika DC, mtawala wa wilaya, ni ya kamishna. Aliyekuwa juu yake, yule wa mkoa, naye alikuwa kamishna. Kama mtoto wa hapa ameitwa Kamishna Mkuu, basi yuko juu ya hao wote. Baba yangu alivaa koti lake la Jumapili siku ya Jumatatu, akaenda kumwambia chifu, kwa upole, kwamba kuanzia sasa aangalie anavyosema na watu. Walikuja waliogombania mipaka ya mashamba. Walikuja wanawake kutoka kambi za wafanyakazi wa kampuni ya chai, wakitaka niamuru paa zao zizibwe. Nilikuwa na siku kumi za mapumziko kabla ya kuondoka, na zote nilizitumia kueleza kwamba siwezi kumwamuru mtu yeyote.

Hakuna aliyeamini. Wilaya zilikuja zikafutwa, zikaja kaunti, na kila kaunti ikapewa kamishna wake. Imani ile haikutikisika. Nimestaafu miaka mingi sasa, nachuma majani yangu kama mkulima mwingine yeyote, na bado jina hilo linanifuata hadi kwenye kituo cha kupimia chai.

Naandika haya kwa sababu nimesikia habari yangu ikisimuliwa sokoni Chepilat, na inasimuliwa vibaya. Inasemwa kwamba jirani yangu, mtu aliyetoka milima ya magharibi, aliniomba nimwokoe mwanawe aliyekuwa mgonjwa ugenini, nami nikakataa kwa kuwa si wa kabila langu. Hilo si kweli. Sikukataa. Nilichofanya ni kibaya kwa namna nyingine, na afadhali kijulikane kama kilivyokuwa.

Ni lazima kwanza nieleze cheo chenyewe, maana bila hicho mambo mengine hayaeleweki.

Mataifa kwa kawaida hutumiana mabalozi. Balozi hutumwa na mkuu wa nchi kwa mkuu wa nchi mwenzake, akiwa na barua inayomwombea aaminiwe kwa kila atakalosema. Lakini zamani nchi kadhaa zilizokuwa chini ya Uingereza zilianza kujitawala huku mfalme wao akibaki yule yule mmoja. Mfalme hawezi kujitumia balozi mwenyewe. Kwa hiyo serikali zile zilitumiana mtu wa cheo kile kile, kazi ile ile, kwa jina jingine, ndilo hilo la Kamishna Mkuu. Nchi zetu zilipopata uhuru na kuwa jamhuri, ndani ya Jumuiya ya Madola, jina lilibaki. Nje ya Jumuiya hiyo, mtu huyo huyo huitwa balozi. Hakuna tofauti nyingine yoyote ya maana. Haya niliyaeleza mara nyingi sana, kwa ufasaha, na kwa kuridhika kiasi.

Sikuwahi kueleza sehemu ya pili, ingawa niliijua. Kabla ya jina hilo kupewa wajumbe, lilikuwa la watawala. Kulikuwa na Makamishna Wakuu kusini mwa bara hili walioshika nchi nzima nzima mikononi mwao. Hapa kwetu, kabla ya kuwapo gavana, mkubwa wa wote aliitwa kamishna, na ni katika siku za makamishna hao ambapo askari walipanda vilima hivi na babu zetu wakajifunza neno hilo. Wazee kama baba yangu, aliyemwendea chifu na kumwonya, hawakuwa wajinga. Walikumbuka maana ya zamani ya neno, mimi nikawafundisha ile mpya, nikiwacheka moyoni.

Kazi ya cheo hicho imeandikwa katika vitabu kwa mpangilio ambao nimeuona kila mahali: kuwakilisha, kujadiliana, kupeleka habari nyumbani, kukuza biashara, na mwisho kabisa kuwalinda raia walioko huko. Huo wa mwisho ndio unaokula saa nyingi. Dereva wa lori amefungwa mpakani, mwanafunzi amepotelewa na pasipoti, mfanyabiashara amefia hotelini na nyumbani hawajui.

Nilijifunza kazi hiyo chini ya mzee mmoja mwenye hekima, nikiwa katibu kijana. Siku moja watu wawili niliowaamini waliniambia kwamba mpaka umefungwa. Nikaandika simu ya maandishi, mkubwa wangu akatia sahihi, habari ikafika nyumbani, na malori yaliyobeba mizigo yakarudishwa njiani. Mpaka haukuwa umefungwa. Mkubwa wangu aliitwa nyumbani, hakurudishwa tena kituoni, na hakunitaja kwa yeyote. Tangu siku hiyo hakuna neno lililopita mezani kwangu bila karatasi. Aliyekuja na habari nilimuuliza: nani kaandika, lini, na sahihi ya nani. Nilisifiwa kwa hilo. Katika kuagwa kwangu walilitaja mara mbili.

Sasa jirani yangu.

Aliletwa na mama yake kutoka milima ya magharibi akiwa mtoto, mama akichuma chai katika shamba la kampuni. Alipokua aliingia kiwandani, sehemu ya kunyausha majani, akakaa huko hadi alipostaafu akiwa msimamizi. Angeweza kukuambia kwa kunusa tu ni saa ngapi majani yamelala. Wenzake wengi walirudi makwao. Yeye alinunua ekari moja na nusu iliyopakana na yangu, akapanda chai yake, akasema kwao ni hapa ambapo pua yake inafanya kazi.

Tulikuwa marafiki kwa namna ya wazee, yaani tulitaniana. Utani wake mkubwa ulikuwa juu ya ulimi wetu sisi Wakipsigis. Lugha yetu haitenganishi b na p, wala d na t, na aliyekulia ndani yake huchanganya sauti hizo hata akisema Kiswahili. Mimi nilijirekebisha shuleni kwa viboko. Jirani yangu hakujali.

"Kamishna," angeniita kutoka upande wa pili wa ua, "watu yako wanaita baba papa. Mimi nikiwa mdogo nilishangaa, nikasema hawa wote wamezaliwa na samaki."

"Na wewe ulizaliwa na nani?"

"Mimi nilizaliwa na mama. Hiyo hakuna mtu anakosea."

Mwanawe wa mwisho alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Lango langu ni kazi yake. Alioa msichana mwenye duka la mahindi huko Mulot, kisha akapata wakala aliyempeleka katika nchi moja ya Ghuba. Alikuwa kijana asiyesema sana, mwenye kupima kitu mara tatu kabla ya kukikata, na kwa hilo nilimpenda.

Jumanne moja asubuhi, wakati nimetoka kupeleka majani kituoni, nilimkuta jirani yangu amesimama langoni. Hakutania. Alinyoosha simu yake.

"Sikiza hii, Kamishna. Imeingia leo."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya haraka. Nailazimisha kumbukumbu yangu iiandike kama ilivyokuwa. Ilisema: "Mzee, mimi tunakaa chumba moja na kijana yako. Hajaamka siku ya tatu sasa. Anatapika, amevimba miguu. Tumeambia bosi, anasema anajifanya. Kitambulisho yake ya huku iko kwa bosi, na hospitali bila hiyo wanakataa. Kama kuna mtu mkubwa unajua, mzee, fanya haraka."

Niliisikiliza mara mbili.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Si amesema? Anakaa na yeye."

"Jina lake?"

"Hajasema jina."

"Mwajiri ni nani? Mji gani?"

"Kamishna, mimi nitajuaje? Hiyo yote iko kwa karatasi, na karatasi iko Mulot kwa bibi yake. Wewe piga simu tu kwa balozi wa huko. Wewe ni Mkuu. Yeye akisikia ni wewe ataruka."

Nilimketisha. Nilimweleza kwamba nchi ile haikuwahi kuwa katika Jumuiya ya Madola, na kwa hiyo huko tuna balozi, wala hapawezi kuwa na Kamishna Mkuu. Nikaeleza kwamba vyeo hivyo viwili vinalingana, hakuna kilicho juu ya kingine. Nikaeleza kwamba hata kama kingekuwa juu, mimi nimestaafu. Naona aibu kuandika kwamba nilieleza pia habari ya mfalme asiyeweza kujitumia balozi mwenyewe. Alisikiliza yote akiwa ameshika simu kwa mikono miwili.

"Sawa," alisema nilipomaliza. "Lakini kijana anaumwa."

"Labda anaumwa. Tulichonacho ni sauti ya mtu asiye na jina. Kuna matapeli wengi wanaofanya hivi. Kesho atasema tuma pesa."

"Hajasema pesa."

"Niletee karatasi. Nakala ya pasipoti, mkataba, chochote. Ukiniletea, nitaandika barua ambayo hakuna ofisi itakayoiweka kando. Hilo nakuahidi."

Aliinuka. Nilikuwa na namba mbili za watu wa wizarani katika kitabu changu, ndani ya droo, hatua sita kutoka pale tulipokuwa tumeketi. Sikuzigusa. Sikuona kwamba ninamnyima kitu. Kwangu mimi kazi ilikuwa imeanza, na imeanza vizuri.

Baadaye nilijua kwamba asubuhi hiyo alikuwa amekusudia kwenda kwa kamishna wa kaunti baada ya kuniona. Hakwenda. Mkewe alimuuliza kwa nini, akamjibu kwamba mtu akishafika kwa Mkuu hawezi tena kushuka kwa mdogo, itakuwa dharau. Haya sikuyasikia njiani, nimeambiwa na mke mwenyewe, akiwa ameketi mbele yangu.

Alhamisi nilikuwa na miadi upande wa Kabianga. Wahadhiri wa chuo kikuu cha huko walikuwa wameniomba niwazungumzie wanafunzi juu ya historia na kazi za Kamishna Mkuu. Nilikuwa nimeandaa kurasa kumi na mbili, na ukumbi ulijaa. Baada ya mhadhara kijana mmoja wa kike aliyeketi mbele alisimama.

"Mheshimiwa Balozi, mtu wetu akikwama huko nje na hana karatasi yoyote, nyinyi mnafanya nini?"

Nilijibu kwamba kumlinda raia ni wajibu wa kwanza, hata kama vitabu vinauweka mwisho. Wakapiga makofi. Nikaongeza kwamba hata hivyo afisa huenda kwa ushahidi, kwa sababu afisa anayekimbilia uvumi huwaumiza watu wengi kuliko anaowasaidia. Wakapiga makofi tena. Msichana alibaki amesimama, kana kwamba swali lake lilikuwa halijajibiwa, kisha akaketi. Nilirudi nyumbani nikiwa mchangamfu. Siku hiyo kijana wa jirani yangu alikuwa katika siku yake ya tano bila kuinuka.

Ijumaa adhuhuri jirani yangu alirudi kutoka Mulot. Mvua ilikuwa imekata barabara mahali fulani, na mkwewe alikuwa ameondoka kwenda mnadani na ufunguo wa sanduku, kwa hiyo alimngoja usiku mmoja na nusu ya siku. Alikuja na bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa plastiki, na bado alikuwa na tope hadi magotini. Nilizitandaza karatasi mezani. Jina la mwajiri lilikuwapo. Mji ulikuwapo. Namba ya pasipoti ilisomeka vizuri. Nilifurahi, nikaomba kitambulisho chake mwenyewe ili niandike kwamba anayeomba ni baba mzazi.

Hapo ndipo nilipoona herufi.

Katika kitambulisho cha baba, jina la ukoo lilianza kwa B. Katika pasipoti ya mwana lilianza kwa P. Nilijua mara moja jinsi ilivyotokea, na hakuna mtu wa vilima hivi ambaye asingejua. Kijana alizaliwa hapa, na aliyeandika kuzaliwa kwake alikuwa karani wa naibu chifu, mtu wa kwetu, mwenye ulimi kama tuliozaliwa nao sote. Baba alitamka B, karani akasikia B, na mkono wake ukaandika P, maana masikioni mwake ni kitu kimoja. Herufi hiyo ilimfuata kijana hadi shuleni, hadi kwenye kitambulisho, hadi kwenye pasipoti.

"Karatasi hizi hazilingani," nilimwambia.

Aliinama akatazama. Alicheka, kicheko kifupi.

"Si ni nyinyi? Ni ile ya samaki."

"Najua. Mimi najua. Lakini afisa wa huko hajui. Kwa karatasi hizi, huyu si mwanao."

Niliyasema hivyo hivyo. Aliacha kucheka.

"Wewe umemwona akizaliwa, Kamishna. Ulileta sukari."

"Nilileta. Lakini barua yangu haiwezi kusema nilileta sukari. Nenda kwa wakili Sotik, aandike hati ya kiapo kwamba majina mawili ni ya ukoo mmoja. Ni kazi ya nusu saa."

Ilikuwa kazi ya nusu saa, ila Ijumaa alasiri wakili alikuwa amekwisha kufunga, na hafungui hadi Jumatatu. Jirani yangu alikuja kuniambia hivyo Jumamosi asubuhi. Aliuliza kama ningeweza kuandika bila kiapo, kisha kiapo kifuate. Nilimjibu kwamba barua yenye kasoro hurudishwa, na ikirudishwa tutakuwa tumepoteza muda zaidi. Akasema, "Wewe ndiwe unajua hiyo kazi," akaenda. Jumapili nilimwona kanisani kwao nilipopita barabarani, amesimama nje, simu sikioni, anasubiri ile namba ya ugenini ipokelewe.

Kiapo kilipatikana Jumatatu. Jumanne, siku ya nane tangu sauti ile, niliandika barua. Ilikuwa na kurasa mbili na viambatisho vinne. Ilikuwa barua njema. Niliituma kwa barua pepe kwa wizara, na nakala kwa ubalozi wetu katika nchi ile, nikatia sahihi kwa cheo changu cha zamani, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu kustaafu.

Jumatano saa nne asubuhi simu yangu ililia kwa namba ya nje. Alikuwa afisa wa ubalozi, mwanamke kijana kwa sauti yake, mwenye adabu.

"Mzee, nimepata barua yako. Samahani sana. Huyu ndugu alifariki Jumapili. Wenzake walimbeba wenyewe Jumamosi wakamwacha mlangoni pa hospitali. Akapokelewa, lakini figo zilikuwa zimekwisha. Sisi tumejulishwa na hospitali jana jioni."

Nilimuuliza kama ana hati ya hospitali. Alisema anayo, angeituma. Kisha nikamuuliza swali ambalo hakuna aliyenilazimisha kuliuliza.

"Kama mngejua Jumanne ya juma lililopita?"

"Mzee, tungempigia mwajiri siku hiyo hiyo. Huwa tunafanya hivyo. Tukipiga sisi, kitambulisho hutoka."

"Bila karatasi?"

"Ungetupigia tu simu, mzee. Hata ungetutumia ile sauti uliyoitaja kwenye barua. Jina la kwanza na namba iliyoituma vinatosha kuanzia. Karatasi tunazitafuta sisi wenyewe baadaye."

Nilimshukuru. Sina budi kuwa mwangalifu hapa. Sisemi kwamba kijana angepona. Mimi si daktari, na sina ushahidi. Ninachojua ni kwamba kutoka Jumanne hadi Jumapili ni siku tano, kwamba katika siku hizo tano kulikuwa na simu moja ambayo ingepigwa, na kwamba aliyekuwa na namba ni mimi.

Nilivaa viatu nikaenda. Nilipitia kwenye chai, kati ya mistari, kwa sababu njia ya barabarani ingenipitisha kwa watu. Jirani yangu alikuwa akipogoa. Aliponiona naja bila kofia aliweka panga chini.

"Imejibiwa," alisema.

"Imejibiwa. Kijana amefariki, ndugu yangu. Jumapili."

Mkewe alitoka jikoni, akatutazama sote wawili, akarudi ndani, na tukaanza kumsikia.

"Nani amekuambia?" aliniuliza.

"Afisa wa ubalozi."

"Umemwona?"

"Hapana. Amenipigia simu."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayehakikisha kitu.

"Basi na wewe leo umesikia tu," alisema. Hakulisema kwa uchungu. Nadhani alitaka kujua kweli kama bado kuna nafasi, kama habari iliyokuja kwa sauti peke yake inaweza kuwa si kweli, jinsi nilivyomfundisha. Nilimwambia kwamba ni kweli. Aliniuliza nimejuaje. Jibu lolote lingenihukumu, nikamshika bega, naye akaliacha bega lake hapo.

Mwili ulichukua wiki tatu kufika. Yule afisa kijana alifanya kazi yote, na sikuona popote alipongoja karatasi kabla ya kusogea. Siku ya kuupokea nilikwenda na jirani yangu Nairobi. Tulifika mapema katika sehemu ya mizigo ya uwanja wa ndege, tukaketi kwenye benchi la chuma. Hakuniita Kamishna safari nzima. Hakuniita kwa jina lolote.

Karani wa pale alipitia majalada yake na kukuta kile nilichojua angekikuta. Jina la baba na jina la marehemu hayakulingana. Jirani yangu alitoa kile kiapo kilichokunjwa mara nne. Karani alikisoma, akasema kinafaa, lakini kwa kesi za namna hii taratibu zake zinataka jamaa wa pili athibitishe na kutia sahihi. Akaisukuma fomu kwangu.

"Wewe ni nani kwa marehemu, mzee?"

"Jirani," nilisema.

"Jirani haingii. Ni lazima awe jamaa wa damu. Hamna ndugu mwingine mliyekuja naye?"

Hatukuwa naye. Kaka za kijana walikuwa wamebaki kuchimba kaburi, na kutoka Chepilat hadi pale ni mwendo wa nusu siku. Nilianza kumweleza karani kwamba mimi ni afisa mstaafu, kwamba nimeshika cheo fulani, kwamba neno langu linaweza kuaminiwa. Alinisikiliza kwa adabu kama watu wote wanavyowasikiliza wazee.

Jirani yangu aliniwekea mkono juu ya mkono.

"Andika baba mkubwa," alisema.

Karani alikitazama kitambulisho changu, akakitazama chake. Mtu yeyote wa nchi hii angeona kwa majina yetu kwamba mmoja ni wa vilima vya huku na mwingine ni wa milima ya huko.

"Majina haya, wazee wangu…"

"Ni ndugu yangu," jirani yangu alimwambia. "Yeye mkubwa, mimi mdogo. Kijana yangu ni kijana yake. Mpe kalamu."

Karani aliitoa kalamu. Katika miaka yote ya utumishi wangu sikuwahi kutia sahihi chini ya jambo ambalo halikuwa kweli, na katika ile droo ya nyumbani ninazo barua za kunisifu kwa hilo. Niliandika, kwa mwandiko ulionyooka, baba mkubwa wa marehemu. Nikatia sahihi na tarehe. Karani aligonga muhuri, akatuelekeza mlango wa pembeni, tukaenda kumchukua.